Morris Chang na kiti alichonyimwa Texas

Mjadala kuhusu ndugu zetu walioko ughaibuni ukipamba moto, haukosi mtu wa kumleta Morris Chang. Mwanzilishi wa TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu zilizomo ndani ya simu na kompyuta nyingi duniani, hutolewa mfano wa kijana aliyekwenda Marekani akasoma, akafanya kazi, akapata uzoefu, kisha akaikumbuka nchi yake na kurudi kuijenga. Halafu swali hufuata: na wa kwetu watarudi lini?

Mfano huo una kasoro moja kubwa. Chang hakurudi popote. Alizaliwa Ningbo, China bara, Julai 1931. Alipohamia Taiwan mwaka 1985 alikuwa na umri wa miaka 54, raia wa Marekani tangu 1962, na hakuwa amewahi kuishi katika kisiwa hicho. Hakuwa na shamba la baba huko wala kaburi la babu. Mtu huyu alihama mara mbili, na kazi iliyompa jina aliianza katika uhamiaji wa pili, baada ya ule wa kwanza kugonga ukuta.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia kuwasuta watu wa ughaibuni, inafaa kuuliza ukuta huo ulikuwa upi, na Taiwan ilimpa kitu gani ambacho Marekani haikumpa. Majibu yake yana mambo machache sana ya uzalendo.

Utoto wake ulikuwa wa kukimbia. Baba yake alikuwa afisa wa fedha serikalini, baadaye akaingia benki, na familia ilimfuata kazini na ikaikimbia vita: Nanjing, Guangzhou, Hong Kong, ambayo Wajapani waliitwaa Desemba 1941, kisha Chongqing, kisha Shanghai, na Hong Kong tena mwaka 1948 wakati majeshi ya Mao yakishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijana mwenyewe alitamani kuwa mwandishi. Baba alimwambia kwamba kalamu haitamlisha. Ukiwa umezaliwa Afrika Mashariki huhitaji kuelezwa mazungumzo hayo yalikuwaje.

Mwaka 1949 alifika Harvard, Mchina pekee katika darasa la mwaka wa kwanza. Alikaa mwaka mmoja akahamia MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kusomea uhandisi mitambo, na sababu aliyoitoa miaka mingi baadaye ni ya mtu anayehesabu nafasi zake bila kujidanganya. Wachina aliowajua Marekani wakati huo walikuwa wafua nguo, wenye mikahawa, wahandisi na maprofesa. Mwanasiasa hakumwona, wakili hakumwona, mkuu wa kampuni kubwa hakumwona. Akachagua uhandisi.

Tukumbuke nchi aliyoingia ilikuwaje. Sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani ilifutwa 1943 tu, China ilipokuwa mshirika wa vita, na hata hapo Wachina walitengewa nafasi 105 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliondolewa kwa sheria mpya ya 1965. Kila tunaposikia kwamba Marekani ilikuwa na mikono wazi kwa vipaji vya dunia, tukumbuke kwamba wakati Chang anasoma, mikono hiyo ilikuwa ikifunguliwa kwa vidole viwili.

MIT ilimpa shahada ya kwanza 1952 na ya pili 1953, kisha ikamfelisha mara mbili katika mtihani wa kuingia uzamivu. Akaingia mtaani kutafuta kazi. Ford walimwahidi dola 479 kwa mwezi, Sylvania dola 480. Alitaka kwenda Ford, akawapigia simu kuomba waongeze kidogo, wakakataa, na kwa sababu ya kiburi cha ujana akaenda Sylvania kutengeneza transista, swichi ndogo ya umeme iliyo msingi wa chipu, kitu asichokijua hata kidogo. Alijifunza usiku kwa kusoma kitabu cha William Shockley, mmoja wa wagunduzi wa transista. Watu hupenda sana kisa hiki cha dola moja. Mimi sikipi uzito mkubwa. Tasnia ya semikondakta, malighafi ya transista na chipu, ilikuwa ikimeza kila mhandisi iliyempata miaka ile, na kijana mwenye akili ya Chang angeifikia kwa mlango mwingine.

Texas Instruments (TI), kampuni ya semikondakta ya Texas, ndiyo hadithi yenyewe, na ni ajabu namna wasimuliaji wanavyoipita haraka kuwahi Taiwan.

Chang alijiunga na TI jijini Dallas mwaka 1958, mwaka uleule alioingia Jack Kilby, aliyefanikiwa kuweka saketi nzima juu ya kipande kimoja cha semikondakta na baadaye akapewa Tuzo ya Nobeli. Kazi ya kwanza ya Chang haikuwa na utukufu wa namna hiyo. Alipewa laini ya uzalishaji wa transista zilizoagizwa na IBM, ambayo karibu kila ilichotoa kilikuwa kibovu. Alikaa na mitambo, akabadilisha joto hapa na shinikizo pale, akirekodi kila badiliko. Katika miezi michache zaidi ya moja kati ya kila transista tano ikawa inatoka nzima, rekodi iliyoipita laini ya IBM wenyewe. Hapo ndipo wakubwa walipomwona.

Kampuni ikamlipia masomo Stanford, akapata uzamivu wa uhandisi umeme mwaka 1964, na ngazi zikafuata. Mwaka 1972 akawa makamu wa rais wa kundi lote la semikondakta la TI duniani. Mhamiaji Mchina, katika Texas ya miaka ya 1970, akiongoza biashara iliyokuwa moyo wa kampuni kubwa kuliko zote katika fani hiyo! Wanaosema Marekani haikumpa chochote waanze hapo.

Na aliiongoza kwa ukali. Akishirikiana na washauri wa Boston Consulting Group alishika kanuni moja ya bei: kwa kuwa gharama ya kutengeneza chipu hushuka kadiri unavyotengeneza nyingi, shusha bei mapema, kabla gharama haijashuka, uwanyime washindani wateja, upate wingi, na wingi huo ndio utakaoteremsha gharama. Washindani walimchukia. Waliofanya kazi chini yake wanamkumbuka kama mtu wa kuuliza maswali yenye makali kisha kunyamaza huku kiko cha tumbaku kikiwa mdomoni. Simchori kama mzee mpole mwenye busara, maana hakuwa hivyo, na kampuni aliyoijenga baadaye haikuwa hivyo.

Kisha upepo ukageuka. Uongozi wa TI uliamini mustakabali uko kwenye bidhaa za kumfikia mtu wa kawaida: vikokotoo, saa za dijitali, kompyuta za nyumbani. Mwaka 1978 Chang alihamishiwa huko, mbali na chipu alizozijua. Mambo hayakwenda vizuri. Akahamishwa tena, safari hii akapewa kusimamia ubora na tija kwa kampuni nzima, cheo chenye jina refu na mamlaka mafupi. Mwaka 1983, baada ya miaka 25, akaondoka.

Je, ni ubaguzi? Swali hili huulizwa kila mara, na majibu mengi hutolewa na watu walioshaamua kabla ya kuuliza. Ninachokiona mimi ni hiki. Kampuni iliyompandisha Mchina hadi ngazi ya tatu au ya pili haiwezi kuelezwa kwa ubaguzi peke yake. Lakini pia kampuni ileile haikuwahi kuwa na mkuu asiye Mmarekani mweupe hadi wakati huo, na mtu aliyejenga kitengo chao bora kabisa alihukumiwa kwa miaka miwili ya saa na vikokotoo, bidhaa ambazo baadhi yake zingemshinda yeyote. TI yenyewe ilijitoa kwenye biashara ya kompyuta za nyumbani mwaka 1983 ikiwa na hasara kubwa, Chang akiwa hayupo tena kwenye kitengo hicho. Wengine walioshindwa hapo huenda walikuwa na watu wa kuwatetea ndani. Mgeni hana mjomba kwenye bodi. Hii ndiyo sehemu ya ukuta ambayo haiandikwi kwenye sera yoyote: makosa ya mwenyeji husamehewa kama bahati mbaya, ya mgeni husomwa kama kipimo cha uwezo wake.

Na kuna jambo la pili ambalo wasimuliaji hulikwepa kwa sababu linaharibu masikitiko. Kama TI wangempa Chang kiti cha juu, TSMC isingekuwapo. Kampuni ya Marekani ingepata mkurugenzi hodari, ingeshinda robo mwaka nyingi, na dunia ingeendelea kutengeneza chipu kama ilivyozoea. Wazo lililobadilisha tasnia lisingeweza kukaa ndani ya TI, hata akiwa juu kileleni. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tumpitishe New York.

Alikwenda General Instrument kama rais wa kampuni, akakaa kama mwaka mmoja tu. Kitu kimoja cha maana kilimtokea huko. Mjasiriamali Gordon Campbell alimjia akitafuta mtaji wa kuanzisha kampuni ya chipu, dola milioni 50 hivi. Wakakubaliana alete mpango. Wiki zikapita, kimya. Chang akapiga simu, akaambiwa fedha hizo hazihitajiki tena: milioni tano zinatosha, kwa kuwa Campbell hatajenga kiwanda. Atabuni chipu, na mwingine atazitengeneza.

Chang aliondoka na jambo hilo kichwani. Mwaka uliofuata alikuwa Taiwan.

Sasa tuitazame Taiwan, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya kurudi nyumbani inapoficha kitu chenye faida kwetu. Serikali ya kisiwa hicho haikumpata Chang kwa kumwimbia uzalendo. Ilikuwa imejiandaa kwa zaidi ya miaka kumi. Taasisi ya utafiti wa teknolojia ya viwanda, ITRI, ilianzishwa 1973. Mwaka 1976 ilisaini mkataba na kampuni ya RCA ya Marekani kununua teknolojia ya chipu, ikapeleka makumi ya wahandisi vijana kufundishwa kwenye viwanda vya RCA. Eneo la viwanda vya sayansi la Hsinchu lilifunguliwa 1980. Mwaka huohuo kampuni ya chipu ya UMC ikazaliwa kutoka ITRI. Yaani Chang aliposhuka kwenye ndege alikuta maabara, wahandisi waliofundishwa, umeme wa uhakika, na waziri aliyekuwa akimfuatilia kwa muda.

Waziri huyo ni Li Kwoh-ting, mwanafizikia aliyesoma Cambridge kabla ya kuingia serikalini. Chang aliitwa kuiongoza ITRI, na hakumaliza hata kuzoea ofisi kabla Li hajamtaka aandike mpango wa kampuni kubwa ya chipu. Sikupewa muda wa kutosha, angeweza kulalamika. Badala yake alikaa na kupima Taiwan ina nini. Ubunifu wa chipu: dhaifu. Hakimiliki: karibu hakuna. Masoko na mauzo ya kimataifa: hakuna. Teknolojia iliyonunuliwa RCA ilikuwa nyuma ya wenzao kwa vizazi viwili au zaidi. Kilichobaki ni uwezo wa kutengeneza, na hata huo ulikuwa wa kubahatisha. Ila Chang alikuwa na ushahidi wake kutoka TI: kiwanda chao cha Japani kilikuwa kikitoa chipu nzima takriban mara mbili ya kile cha Texas, kwa mitambo inayofanana, kwa sababu mafundi walikuwa makini na hawakuhamahama. Aliona watu wa namna hiyo wangepatikana Taiwan pia.

Akaandika mpango wa kampuni itakayotengeneza tu. Isiyobuni, isiyouza chipu yenye jina lake.

Ili kuelewa ugeni wa wazo hilo, fikiria biashara ilivyokuwa. Kampuni ya chipu ilibuni yenyewe, ikatengeneza kiwandani kwake, ikauza kwa nembo yake. Mhandisi mwenye wazo zuri na asiye na mtaji wa kiwanda alikwenda kuomba nafasi kwenye kiwanda cha kampuni nyingine kikiwa na upungufu wa kazi, akiwakabidhi michoro yake watu ambao kesho wangeweza kuwa washindani wake. Chang alipendekeza jambo analolijua yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani: lete mshono unaoutaka, nitashona, na sitafungua duka la nguo upande wa pili wa barabara.

TI wasingeweza kutoa ahadi hiyo. Intel, kampuni nyingine kubwa ya chipu ya Marekani, wasingeweza. Walikuwa na duka tayari. Ahadi ya kutoshindana na mteja inawezekana tu kwa asiye na kitu cha kulinda sokoni, na Taiwan ya 1985 haikuwa na kitu. Naamini pia kwamba ilihitaji mtu aliyeishi miaka 36 nchini mwa wenyewe, aliyezoea kufanikiwa kwa kumfaa mwenyeji bila kumtishia. Hilo siwezi kulithibitisha kwa nyaraka. Ni usomaji wangu wa tabia ya kampuni na ya mtu. Lakini tazama msimamo wa TSMC kwa miongo yote: kuwahudumia mahasimu wawili chini ya paa moja, kutunza siri za kila mmoja, kutomringia yeyote. Wahamiaji wengi wanaijua kanuni hiyo kabla hawajaiona kwenye kitabu cha biashara.

Mtaji haukupatikana kirahisi. Intel walikataa. TI walikataa, na hapo nadhani kulikuwa na ladha chungu pande zote mbili. Philips ya Uholanzi peke yake ndiyo iliyokubali, ikachukua zaidi ya robo ya hisa na kuleta teknolojia na ulinzi wa hataza zake. Serikali iliweka karibu nusu. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa matajiri wa Taiwan waliobanwa na serikali yao. Wang Yung-ching wa Formosa Plastics alitoa fedha bila shauku na baadaye akauza hisa zake. Sitaki kujua aliwaza nini miaka ishirini baadaye. TSMC ilisajiliwa Februari 1987.

Mwaka 1987 huohuo, Andy Grove alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Intel. Inafaa kuwaweka watu hawa wawili pamoja. Grove alikuwa Myahudi wa Hungaria aliyenusurika kwa Wanazi utotoni, akatoroka nchi baada ya uasi wa 1956 kuzimwa na Wasovieti, akafika New York 1957 bila fedha na bila kusikia vizuri. Alisoma City College na Berkeley, akawa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Intel ilipoanzishwa 1968. Wote wawili walikuwa wakimbizi wa vita, wakali kazini, wenye uzamivu wa uhandisi kutoka vyuo vya California, wapenda vipimo. Mmoja alipewa kiti, mwingine hakupewa. Grove alikuwa na bahati ya kuingia kampuni changa ambamo waanzilishi walimjua kwa jina tangu siku ya kwanza. Chang aliingia kampuni iliyokuwa tayari na ukoo wake. Rangi nayo ilikuwapo, tusijifanye hatuioni. Grove alipobadili jina kutoka Gróf András hakuna aliyemtazama usoni na kumuuliza anatoka wapi hasa, hadi alipofungua mdomo.

Grove, ambaye kampuni yake ilikuwa imeombwa mtaji bila mafanikio, ndiye aliyemsaidia Chang kwa njia nyingine. Mwaka 1988 Intel ilituma watu wake kukagua kiwanda cha TSMC, wakakichambua hatua kwa hatua, wakaorodhesha makosa, wakarudi kukagua tena hadi wakaridhika. Kibali cha Intel kilifungua milango ambayo tangazo lolote lisingefungua.

Kwa miaka kadhaa vigogo waliidharau biashara hii. Jerry Sanders wa AMD, kampuni ya chipu ya Marekani, alijulikana kwa kauli kwamba wanaume wa kweli wana viwanda vyao. Huo ni ulevi wa kawaida wa wenye mali. AMD iliviachia viwanda vyake mwaka 2009, na leo inaongozwa na Lisa Su, mwanamke aliyezaliwa Tainan, Taiwan, akapelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka mitatu, na chipu zake bora hutengenezwa na TSMC. Nvidia ya Jensen Huang, mhamiaji mwingine kutoka Taiwan, ilianza 1993 bila kiwanda. Huang alipohitaji mtengenezaji aliandika barua kwa Chang, na Chang akampigia simu mwenyewe katikati ya kelele za ofisi ndogo ya California. Kampuni kama hizo zisingezaliwa bila kuwapo mtu wa kuwatengenezea. Campbell wa mwaka 1984 alikuwa ametabiri umma mzima wa wateja.

Chang aliachia ukurugenzi 2005, akarudi Juni 2009 akikaribia miaka 78, baada ya mrithi wake kupunguza wafanyakazi wakati wa msukosuko wa fedha kwa namna iliyozua maandamano. Aliwaita walioachishwa warudi kazini. Kisha, wakati wengine wakibana matumizi, akapandisha uwekezaji hadi karibu dola bilioni 6 mwaka 2010. Wachambuzi wa hisa walinung'unika. Mwaka huohuo Jeff Williams wa Apple alikula chakula cha jioni nyumbani kwa Chang. Apple walikuwa wakitengenezewa chipu na Samsung, mshindani wao kwenye simu, na walikuwa wamechoka. TSMC iliweka dola bilioni 9 na watu 6,000 kwenye kazi hiyo, na simu za iPhone za mwaka 2014 zikatoka na chipu zao. Kanuni ya kutokuwa na duka ilikuwa imelipa tena, mara hii kwa mteja mkubwa kuliko wote.

Sina haja ya kummwagia sifa bila kipimo. Kuna upande wa mfano huu ambao hausemwi kwenye hotuba za vijana. Chang mwenyewe ameeleza kwa nini viwanda vya Taiwan huvishinda vya Marekani: mtambo ukiharibika saa saba usiku, Marekani utatengenezwa asubuhi, Taiwan mhandisi ataamshwa na utakuwa sawa saa nane. Aliisema kwa fahari. Mimi nasikia pia mke aliyeamshwa, watoto, na miaka ya kazi ya mtu ambaye jina lake halitaandikwa popote. Tukiitaka TSMC yetu, tuseme wazi nani ataamshwa saa saba usiku na atalipwa nini.

Sasa kwetu. Kenya ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake wa nje mwaka 2024, na serikali zetu za Afrika Mashariki zimeanzisha ofisi, mikutano na hati maalumu kwa ajili ya diaspora. Zisome kwa makini: nyingi zinaomba fedha. Tuma, wekeza, nunua kiwanja. Taiwan haikumwomba Chang hata senti. Ilimpa taasisi, fedha za umma, swali gumu, na mamlaka ya kulijibu kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika nayo. Zaidi ya hapo, ilimpa nafasi hiyo mtu asiye wake kwa kuzaliwa, mwenye pasipoti ya nchi nyingine. Sijui ni wizara ngapi za kwetu zingemkabidhi mgeni wa miaka 54 taasisi kuu ya utafiti ya taifa. Najua makala zingeandikwa kumuuliza kabila lake.

Kule Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ndogo ya semikondakta, STL, iliyotokana na mawazo ya Wakenya waliofanya kazi nje. Ni mwanzo wa heshima. Lakini hesabu kilichotangulia TSMC: karibu miaka 14 ya ITRI, mkataba wa RCA, shule, umeme. Mwekezaji mmoja mwenye moyo hawezi kuvibeba vyote hivyo, na si haki kumtaka avibebe kisha tumlaumu akichelewa.

Nao Marekani? TI haikufa kwa kumkosa Chang. Ni kampuni yenye faida, kinara wa chipu za analogia, na iliingia kwenye mgao wa fedha za serikali za kufufua viwanda vya chipu. TSMC nayo ilipewa ruzuku ya dola bilioni 6.6 ili ijenge Arizona, jimbo lililo safari fupi ya ndege kutoka Dallas. Chang alikwenda kwenye sherehe za kiwanda hicho Desemba 2022, miaka minne baada ya kustaafu, na katika hafla aliyohudhuria Rais Biden akatangaza kwamba utandawazi umekaribia kufa na biashara huria nayo vilevile. Miezi michache kabla alikuwa ameiita jitihada nzima ya Marekani ya kurudisha viwanda hivyo kazi ghali isiyo na matunda. Hakuwa mgeni wa kusema ya kufurahisha wenyeji tena.

Na suala la kiti halijaisha. Machi 2025 Intel, baada ya miaka ya kuporomoka, ilimteua kuwa mkurugenzi mtendaji Lip-Bu Tan, mzaliwa wa Malaysia aliyekulia Singapore na kuishi Marekani kwa miongo minne. Agosti mwaka huohuo Rais Trump aliandika hadharani kwamba mtu huyu ajiuzulu mara moja, kwa sababu ya uwekezaji wake wa zamani katika kampuni za China. Siku chache baadaye wakakutana Ikulu, sauti ikabadilika, na kabla ya mwezi kwisha serikali ya Marekani ikawa na karibu asilimia 10 ya Intel. Moja ya kazi kubwa zilizomsubiri Tan pale ni kuishawishi dunia kwamba Intel inaweza kutengeneza chipu za watu wengine, biashara ileile ambayo Chang aliwapelekea katikati ya miaka ya 1980, wakamwambia hapana.